Fremu Saba za Fundi Eustakio

Shija aliingia sokoni Nachingwea kwa miguu, fremu ya baiskeli iliyokatika ikiwa begani, na hakusimama popote mpaka alipofika kwenye kibanda cha Fundi Eustakio. Hapo aliishusha, akailaza juu ya meza katikati ya tupa na misumeno, akafuta jasho la uso kwa kiganja.

"Fundi, hii ni ya kwako?"

Eustakio alijua kabla hata ya kuigeuza. Hapakuwa na mtu mwingine, tangu Nachingwea mpaka Ruangwa, aliyetengeneza fremu za baiskeli kwa mikono yake. Alikata mabomba ya chuma na kuyachomelea kwa gesi, kila fremu kwa kipimo cha mtu wake. Mteja akifika, alimpima kwa kamba: mguu, mkono, upana wa mabega. Kisha alimuuliza swali ambalo dukani hakuna anayekuuliza: "Utabeba nini?" Jibu lilikwenda kwa mkewe, Dionisia, aliyekaa na cherehani upande wa pili wa kibanda hichohicho. Mwalimu alishonewa mkoba wa turubai wenye mfuko wa madaftari na kifuko cha chaki. Muuza nyanya alisukiwa tenga la mianzi lililotandikwa majani ili nyanya zisichubuke njiani. Watu walitoka hata vijiji vya mbali kuja kupimwa na kamba ya Eustakio, na waliporudi kwao walisema baiskeli ile haiumizi kiuno.

"Ni yangu," alisema Eustakio. "Ni ya Masumbuko. Yeye yuko wapi?"

"Hospitali. Kavunjika bega." Shija alikuwa mdogo wake Masumbuko, Msukuma mrefu, mkimya, ambaye familia yao ilihamia na ng'ombe upande wa Chiola mwaka wa tatu huo. "Alikuwa anateremka kwenda darajani na maziwa ya asubuhi. Chuma kikakatika chini yake. Maziwa yote yamemwagika, na yeye tumemkuta chini, hawezi kuinuka."

Watu walianza kukusanyika. Kwenye benchi la wateja alikaa Bwana Modest, mratibu wa wahudumu wa afya wa vijijini, ambaye asubuhi ile alikuja kumaliza mazungumzo ya baiskeli ishirini, zote na mikoba ya dawa. Alifunga faili lake na kusogea.

"Fundi, fremu zako zinakatika?"

Kabla Eustakio hajafungua mdomo, Faridi wa bodaboda alimjibia. "Zikatike vipi? Tatizo ni hawa. Wanapakia baiskeli kama lori! Mimi nimemwona huyo bwana kwa macho yangu, madumu manne, halafu anateremka bila breki."

Watu wakacheka. Shija aligeuka kumtazama Faridi, akashindwa kujua amjibu yeye au kicheko.

"Yalikuwa mawili," alisema. "Fundi mwenyewe alimuuliza atabeba nini. Akasema madumu mawili."

"Mawili ya lita ngapi? Hamsini hamsini?"

Wakacheka tena. Bwana Modest alitoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasoma kwa sauti ya chini: "Mzigo kupita kiasi." Akamtazama Eustakio, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mtaro. Eustakio alikuwa ameshika ncha ya bomba lililokatika. Hakusema ndiyo wala hapana.

Shija alisubiri. Watu walipoanza kutawanyika, bado alikuwa amesimama palepale.

"Nilidhani utasema kitu, fundi," alisema, akaondoka na kuiacha fremu mezani.

Dionisia alisubiri mpaka Bwana Modest naye alipoondoka, akiahidi kurudi Jumatatu na karatasi za kusaini. Kisha alitoka nyuma ya cherehani.

"Baba Maxi, mifuko ya madumu yale niliishona mimi. Dumu la tatu haliingii hata ulisukume kwa mguu. Kwa nini ulinyamaza?"

Eustakio alimsogezea fremu. Ndani ya bomba, pale lilipokatika, chuma kilikuwa cha kahawia, kimelika mpaka kikawa chembamba kama ganda la yai. Nje rangi ya kijani iling'aa bado.

"Ni yale mabomba niliyonunua kwa watu wa vyuma chakavu, msimu wa korosho wa mwaka juzi."

"Uliyaangalia ndani?"

"Niliyaangalia."

"Na kutu uliiona."

"Niliiona. Nikaikwangua kwa waya, nikajiambia ni ya juujuu. Mabomba mapya yangechukua wiki tatu kutoka Dar, na wateja walikuwa wamekaa pale kwenye benchi." Aliweka fremu chini polepole. "Niliiona, Mama Maxi, nikaendelea."

Dionisia hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Ulitoa fremu ngapi kwenye mabomba yale?"

"Saba."

"Kwa hiyo sita zina watu juu yake sasa hivi."

Eustakio alikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa. Alisema kwamba wakitangaza jambo hilo, kazi ya Bwana Modest imekwenda. Baiskeli ishirini ndizo zingemlipia mtoto wao Maximilian mwaka wake wa mwisho chuoni. Dionisia alijua vizuri kuliko yeye. Turubai la mikoba ishirini alikuwa ameshalinunua, limekunjwa chini ya cherehani, bado linanuka harufu ya dukani.

"Ni ishirini, Mama Maxi."

"Najua ni ishirini." Alijifunga kitenge cha pili, akachukua pochi yake. "Inuka. Twende hospitali."

Masumbuko alilala kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kifuani kwa bendeji. Mkewe, Limi, alikuwa kwenye mkeka sakafuni, na Shija alisimama ukutani. Alipowaona wanaingia, aligeuza uso.

Eustakio hakukubali kiti. Alieleza kila kitu akiwa amesimama, tangu mabomba chakavu mpaka waya wa kukwangulia, na alipofika mahali pa sokoni alisema, "Shija alisema kweli, mimi nikanyamaza. Hilo nalo ni kosa langu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio yake ili asikie vizuri.

"Ulijua?" aliuliza Masumbuko.

"Niliona kutu. Nikataka kuamini ni kidogo."

Masumbuko alifumba macho. Matusi yangekuwa nafuu; Eustakio alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu njiani. Aliyezungumza ni Limi, bila hasira, kama mtu anayepanga kazi za nyumbani.

"Maziwa ya kesho atayapeleka nani? Kuna nyumba kumi na nane zinasubiri, na mgahawa. Wakikosa siku mbili wanahamia kwa mwingine. Shija kesho anarudi mbali na ng'ombe wasiokamuliwa, malisho yameisha huku."

"Nitayapeleka mimi," alisema Eustakio.

Shija alicheka kwa pua. "Wewe, fundi? Na hiyo miguu ya kukaa?"

"Mimi. Mpaka Masumbuko atakapopona."

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Modest, akamkuta anakula. Bwana Modest alisikiliza akiwa ameshika tonge, kisha akalirudisha kwenye sahani.

"Fundi Eustakio, mimi nilishaandika. Ungeniacha na nilichokiandika, wala hakuna ambaye angeuliza."

"Hao wahudumu ishirini watapanda, bwana. Ni lazima ujue nani anawatengenezea."

"Sasa najua, na kwa kuwa najua siwezi kupeleka jina lako kwa wakubwa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Baiskeli zile ishirini ziliagizwa dukani, mjini kwingine.

Kulipopambazuka, Eustakio alikuwa kwenye maboma ya Wasukuma ya upande wa Chiola, akifunga madumu kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Mwendo wa saa nzima na nusu, ambao alikuwa akiupimia wengine kwa kamba, sasa aliupima kwa mapaja yake. Kwenye mlima wa mwisho alishuka na kusukuma, madumu yakimvuta nyuma kama ndama mkaidi.

Mjini walimsubiri. "Fundi, umefilisika?" aliuliza Faridi kijiweni, mbele ya wenzake. Mwenye mgahawa alionja maziwa kwa kijiko mara mbili, akamtazama usoni. "Hujatia maji? Maana siku hizi mambo yako hatuyaelewi." Kwenye nyumba moja mtoto alitumwa amwambie asimame nje ya geti, maziwa yachukuliwe hukohuko. Eustakio aliyajibu yote kwa upole, akapokea pesa ya kila kikombe, na kila Jumamosi aliipeleka kwa Limi bila kupungua shilingi.

Kibandani hali ilikuwa mbaya zaidi. Habari zilikwishaenea, kama habari za namna hiyo zinavyoenea, zikiongezeka njiani. Wateja wawili waliokuwa wameacha malipo ya mwanzo walirudi kuyachukua. Mama mmoja alilifungua tenga la Dionisia kwenye baiskeli yake palepale sokoni, akalirudisha mezani, ingawa tenga halikuwa na bomba lolote. Dionisia alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu tena, mama."

Maziwa yakiisha, Eustakio alizifuata fremu zake. Chini ya kila fremu alikuwa amegonga namba kwa patasi, lakini majina ya wenyewe hakuwahi kuyaandika. Aliyeyajua ni Dionisia. Aliwakumbuka watu kwa mizigo yao.

"Kumi na nne ni Mwalimu Kristofa wa Chiola, mkoba wenye kifuko cha chaki. Kumi na tano ni yule dada muuza nyanya wa Lionja. Kumi na sita ni Masumbuko. Kumi na saba..." Alifumba macho kidogo. "Kumi na saba ni Eliza wa Ruangwa. Kile kiti cha mtoto."

Kwa Mwalimu Kristofa fundi alifika akiwa amebeba chupa ya mafuta ya taa, na chaki akaomba hukohuko shuleni. Aling'oa siti, akapaka chaki nje ya bomba mpaka likawa jeupe, akamimina mafuta ndani na kusubiri. Kama kungekuwa na tundu, hata la ncha ya sindano, mafuta yangepenya na kuiloanisha chaki. Darasa zima lilitoka nje na kuuzunguka mtihani huo.

"Fundi, unanitoa jasho mbele ya wanafunzi wangu," alisema Kristofa.

Walisubiri robo saa. Chaki ilibaki nyeupe. Wanafunzi walipiga makofi, na Kristofa, aliyekuwa ameweka mikono mfukoni, akaitoa na kumpa fundi mkono wa kiume, wenye nguvu.

Ya muuza nyanya ilivuja. Alama nyeusi ilitokea karibu na mahali pa kanyagio, ikashuka taratibu kama chozi. Dada yule alishika kifua. "Ndiyo maana ilikuwa inalia nikipakia!" Eustakio alichukua msumeno na kuikata fremu vipande viwili papo hapo, mtu yeyote asije akaipanda tena, akamwahidi nyingine. Jioni Dionisia alilitoa turubai chini ya cherehani, akalirudisha dukani. Mwenye duka alililipia kwa bei ya chini kuliko aliyomuuzia, kwa kuwa limeshakunjuliwa. Pesa hiyo iliagiza mabomba mapya kutoka Dar, na wiki tatu walizisubiri zote.

Nyingine tatu zilikuwa nzima. Ikabaki ya Eliza.

Eustakio alipanda basi la Ruangwa, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu. Eliza alikuwa fundi nguo, mjane mwenye binti wa miaka tisa ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. Dionisia alikuwa amewasukia kiti cha mianzi chenye mgongo na mkanda, na kwa kiti kile mtoto alikwenda shule kila siku, mwaka wa pili sasa.

"Sitaki ipimwe," alisema Eliza mara tu alipoelezwa. Alisimama kati ya fundi na baiskeli. "Ikionekana mbovu utaikata. Nimesikia unazikata. Kesho mwanangu ataendaje shule?"

"Ikiwa mbovu, mama, ataanguka."

"Mwaka wa pili huu hajaanguka!"

"Masumbuko naye hakuanguka mpaka siku aliyoanguka."

Eliza aliangalia upande wa mlangoni, ambako binti yake alikaa na daftari akiwasikiliza wote wawili. Akasogea pembeni.

Chaki ililowa chini kabisa ya kiti cha mtoto. Hawakuhitaji hata kusubiri. Eliza alikaa chini kwenye mchanga, kanga ikamwanguka kichwani, asiiokote. Eustakio aliking'oa kiti cha mianzi kwa uangalifu, fundo moja moja, akakifunga kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe. Alishusha siti ya mbele kwa kipimo cha Eliza, akaijaribu kwa mkono, akaisukuma baiskeli mpaka mbele ya yule mama.

"Hii bomba lake nililichagua vizuri, kwa sababu nilikuwa najitengenezea mwenyewe," alisema, na aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe aliona aibu iliyozidi ya sokoni. "Itumie. Yako ikiwa tayari, nitaileta."

Alirudi Nachingwea bila baiskeli.

Asubuhi yake Dionisia alimtolea ya kwake. Ilikuwa fremu ya kike, bomba la juu limeinamishwa chini ili mwenye sketi apande bila shida, na mbele ina kapu la ukindu lenye mistari myekundu. Mzee wa miaka hamsini na mbili aliipanda hivyohivyo mpaka Chiola, na njiani wachunga mbuzi walimpigia miluzi.

Limi alipoiona hakucheka. Aliweka chini ndoo ya kukamulia, akaizunguka baiskeli mara mbili, akapitisha mguu juu ya bomba lile la chini akiwa amevaa kitenge chake.

"Hii hata mimi naipanda."

"Unaipanda," alisema Eustakio.

"Basi nifundishe."

Shija, aliyekuwa amerudi siku ile kuchukua unga, alipinga. Mwanamke peke yake barabarani na madumu, watu wataongea nini? Limi alimjibu bila kuacha kushika usukani: "Maziwa nakamua mimi, nachuja mimi, nafunga mimi. Barabara tu ndiyo inanishinda?" Masumbuko alikuwa ametoka hospitali, amekaa kwenye kigoda na mkono wake kifuani. Daktari alimwambia miezi minne. Masumbuko alimgeukia mdogo wake.

"Mwache ajaribu," alisema.

Wakamfundisha kwenye uwanja mkavu nyuma ya zizi. Eustakio alishika keria kwa nyuma na kukimbia hadi pumzi zikamwisha, na Masumbuko akapaza sauti kutoka kwenye kigoda: "Angalia mbele! Usiangalie gurudumu!" Limi alianguka kwenye samadi, akaanguka kwenye uzio wa miiba, akainuka na kuendelea. Siku ya kumi na moja Eustakio aliachia keria bila kumwambia, na Limi akazunguka zizi zima akizungumza naye, akidhani bado yuko nyuma.

Mabomba mapya yalipofika, Eustakio alitengeneza kwanza ya Eliza, kisha ya muuza nyanya, kisha ya Limi. Alimpima Limi kwa kamba, na Masumbuko akiwa shahidi akauliza, "Mbona fupi hivyo?" Limi akasema, "Ni yangu, si yako." Dionisia alishona mifuko miwili ya madumu, na chini ya kila mmoja aliongeza mkanda wa kuufunga kwenye keria ili mzigo usicheze kwenye miteremko.

Wateja hawakurudi kwa kishindo. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kristofa, aliyekuja na mwalimu mwenzake. "Nimemwambia," alisema, "fundi huyu mimi alinifuata mpaka shuleni kwangu." Baadaye Bwana Modest alipita, akapangusa benchi na kukaa. Zile baiskeli za dukani, alisema, zimekuja bila mahali pa kuwekea dawa. Dionisia angeweza kushona mikoba ishirini? Dionisia alimwambia turubai alishaliuza. Kama anaitaka kazi, alete turubai lake. Bwana Modest akaandika.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, Eustakio alikuwa akipiga tupa mezani, saa mbili asubuhi, aliposikia kengele ya baiskeli ikilia mfululizo kutoka upande wa barabara ya Chiola. Faridi na wenzake waliinua vichwa, kisha wakazivuta pikipiki zao pembeni haraka.

Limi alikuja katikati ya barabara, kitenge kimefungwa imara, madumu mawili nyuma yake, macho yamekaza mbele kama mtu anayevuka mto. Dionisia aliinuka kwenye cherehani. "Limi! Karibu, pumzika kidogo!"

"Siwezi, mama!" alipiga kelele Limi bila kugeuza shingo. "Nikisimama sijui kuanza tena na mzigo!"

Akapita. Kwenye shimo lililo mbele ya kibanda, baiskeli ilirukaruka na madumu yakatikisika. Eustakio aliacha tupa na kuinamisha kichwa, akisikiliza kama chuma kitalia. Hakikulia. Limi alikata kona kuelekea kwenye zile nyumba kumi na nane, kengele ikaendelea kusikika, na Eustakio akabaki amesimama vilevile mpaka mkewe alipomwambia kuna mteja anasubiri kupimwa.